Je, Wajua? Mashine yako ya Bunia ni ya biti ngapi

Kompyuta nyingi zinazouzwa Bunia zimekwisha kufanya kazi mahali pengine kabla ya kufika Ituri. Zilitumika ofisini Ulaya au katika nchi za Ghuba, zikapitia Kampala, zikavuka mpaka kwa upande wa Aru au Mahagi, au zikakata Ziwa Albert hadi Kasenyi, na sasa zimepangwa dukani kandokando ya Boulevard de Libération. Nyingi zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa kwa sababu umri wake umekwenda. Ndipo fundi anapomwambia mwenye mashine: weka Linux, mfumo huria. Ushauri ni mzuri. Tatizo linaanza kwenye ukurasa wa kupakulia, ambako anakutana na majina kama i386, amd64 na arm64 bila maelezo, huku kila gigabaiti anayoivuta ikila mega alizolipia. Mwenye kukosea Paris huvuta faili lingine akinywa kahawa. Mwenye kukosea Bunia hurudi kwanza kununua mega.

Haya hapa ni mambo machache ya ajabu, na mengine ya kufaa tu, kuhusu biti 32 na biti 64, yaani urefu wa namba ambazo prosesa huzishika kwa mkupuo mmoja.

Je, wajua kwamba faili lenye jina "amd64" ni la Intel pia?

Hili ndilo linalowapoteza watu wengi kuliko yote. Mtu ana mashine iliyobandikwa alama ya Intel Core i5, anaona faili la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, limeandikwa amd64, anajisemea kwamba hilo ni la watu wa AMD, anachagua i386, faili la biti 32. Mashine itawaka, ndiyo, lakini atakuwa ameifunga kamba miguuni bila sababu.

Jina hilo ni kumbukumbu ya vita vya kibiashara. Katika miaka ya 1990, Intel pamoja na Hewlett-Packard waliamua kuingia enzi ya biti 64 kwa kuanza upya kabisa. Walitengeneza prosesa iliyoitwa Itanium, ikatoka mwaka 2001, yenye lugha yake ya ndani isiyohusiana na ile ya prosesa zilizotangulia. Programu za zamani zilijikokota juu yake. AMD, kampuni ndogo zaidi, ikaamua kutovunja nyumba: ikaichukua lugha ile ile ya zamani ya Intel na kuirefusha hadi biti 64, programu za biti 32 zikiendelea kukimbia kama kawaida. Prosesa yake ya Opteron ilizinduliwa tarehe 22 Aprili 2003, na Athlon 64 ya kompyuta za kawaida ikafuata Septemba mwaka huohuo. Wanunuzi wakaamua. Mwaka 2004 Intel yenyewe ilianza kuweka lugha ya mpinzani wake ndani ya prosesa zake, na hadi leo Core i3, i5 na i7 zote zinaongea lugha iliyoandikwa na AMD. Debian na Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, wakalibakiza jina la aliyetangulia. Wengine huandika x86_64 au x64. Ni kitu kilekile.

Kuna mtego wa pili pembeni. Zamani kulikuwa na faili lililoitwa ia64, na mwenye Intel aliyeona herufi "i" alidhani ndilo lake. Lilikuwa la Itanium. Prosesa hiyo imekufa kiasi kwamba Linux yenyewe iliifuta katika toleo la 6.7, lililotoka Januari 2024.

Na kwa kuwa tunazungumzia mwaka 2003: siku Opteron ilipozinduliwa, Linux ilikuwa tayari inakimbia juu yake, kwa sababu waandishi wake, hasa watu wa SUSE wa Ujerumani, walikuwa wameifanyia kazi kwa miaka kadhaa kwenye prosesa ya kuigizwa kabla ya ile halisi kuwepo. Windows XP ya biti 64 kwa prosesa hizo ilisubiri hadi Aprili 2005. Bunia haikuwa na nafasi ya kufuatilia habari hizo. Mei 2003 mji ulikuwa vitani, na Juni wanajeshi wa Operesheni Artemis wa Umoja wa Ulaya walitua uwanja wa ndege.

Je, wajua kwamba hesabu ya prosesa ilifanywa miaka elfu moja iliyopita juu ya ubao wa sataranji?

Hadithi ni ya kale, inasimuliwa kutoka India hadi Uarabuni. Mwenye hekima aliyebuni sataranji aliulizwa na mfalme anataka zawadi gani. Akaomba nafaka: punje moja kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, na hivyo kuongeza mara mbili hadi mraba wa 64. Mfalme akacheka, akaagiza gunia liletwe. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyeishi kati ya karne ya 10 na ya 11, aliipiga hesabu hiyo mpaka mwisho na kupata punje 18,446,744,073,709,551,615.

Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 64. Hakuna punje inayozidi wala inayopungua, kwa sababu kila biti nayo hubeba mara mbili ya biti iliyo kabla yake.

Sasa simama katikati ya ubao, kwenye mraba wa 32. Jumla ya punje hadi hapo ni 4,294,967,295. Hiyo ni namba kubwa kuliko zote ya biti 32. Kwa hiyo nusu ya ubao ni mashine ya zamani, na ubao mzima ni mashine ya sasa. Anayedhani kwamba biti 64 ni mara mbili ya biti 32 amefanya kosa lilelile la mfalme: kwa kila punje moja ya nusu ya kwanza, ubao kamili unatoa zaidi ya bilioni nne.

Je, wajua kwa nini mashine yenye gigabaiti 8 inaweza kuonyesha 3 na kitu?

Kumbukumbu ya RAM ni avenue ndefu yenye parseli, na kila baiti ni parseli yenye namba yake. Prosesa haiwezi kufika kwenye parseli isiyoweza kuiandika namba. Ikiwa namba zina biti 32, parseli zinazoandikika ni 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Baada ya hapo avenue inaendelea, lakini haina namba, na hakuna mgeni atakayebisha hodi.

Tena zile 4 hazipatikani zote. Sehemu ya namba hizo hutengwa kwa ajili ya kadi ya picha na vifaa vingine, ndiyo maana Windows ya biti 32 huonyesha gigabaiti 3.25 au karibu na hapo hata mwenye mashine akiwa amenunua kumbukumbu zaidi. Wauzaji wengi wamelaumiwa kwa wizi ambao hawakuufanya. Kumbukumbu ilikuwamo, mfumo ndio haukuiona.

Wahandisi walijaribu kiraka. Tangu prosesa ya Pentium Pro ya mwaka 1995 kulikuwa na njia iitwayo PAE, iliyorefusha namba hadi biti 36 na kufungua gigabaiti 64. Linux ya biti 32 iliitumia vizuri, ila kila programu peke yake iliendelea kubaki ndani ya ua wa gigabaiti 4. Na kiraka hicho kina kisa chake cha kuudhi: baadhi ya prosesa za Pentium M, zilizokuwa kwenye kompyuta za mkononi za miaka ya 2003 na 2004, zilikuwa nacho lakini hazikukitangaza. Ubuntu ilipoanza kudai PAE kwa kila mashine, kuanzia toleo la 12.10, mashine hizo zilikataa kuwaka. Mwaka 2014 likaongezwa neno moja la kuandika wakati wa kuwasha, forcepae, likiamuru mfumo uendelee hata kama prosesa inakana.

Je, wajua kwamba tarakimu moja kwenye jina la prosesa yaweza kubadili kila kitu?

Januari 2006 Intel ilitoa Core Duo. Julai mwaka huohuo ikatoa Core 2 Duo. Majina yanafanana, mashine zinafanana, stika zinafanana. Ya kwanza ni ya biti 32 tu. Ya pili ni ya biti 64. Miezi sita na "2" moja katikati.

Kompyuta ndogo za mkononi, zile zenye kioo cha inchi 10 zilizopendwa kuanzia 2008, zina mtego kama huo. Nyingi zilibeba Intel Atom N270, ambayo ni biti 32 tu. Atom N450 iliyokuja mwanzoni mwa 2010 ni biti 64. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Pentium 4 ni vurugu tupu: za mwanzo ni biti 32, za mwishoni nyingine ni 64, na jina halikubadilika.

Kwa hiyo usisome stika, iulize mashine. Nyingi zinazofika kwetu ama zimewekwa Windows ya Kifaransa, ama fundi amezigeuza. Fungua ukurasa wa sifa za mfumo utafute mstari wa aina ya mfumo. Ukisoma "Système d'exploitation 32 bits, processeur x64", basi umepata habari njema iliyofichwa: aliyeweka mfumo alikosea au alibana matumizi, lakini prosesa yenyewe ni ya biti 64. Nusu ya pili ya mstari ndiyo ya kuamini. Ikiwa imeandikwa "processeur x86", mashine ni ya biti 32 na hakuna dawa.

Kama tayari kuna Linux yoyote ndani, fungua terminali uandike lscpu. Mstari wa pili hivi utakuambia kama prosesa inakubali 32 peke yake au zote mbili. Mafundi wa zamani hupenda kutafuta herufi mbili, lm, ndani ya faili /proc/cpuinfo. Zikiwepo, ni biti 64. Amri ya uname -m, ambayo watu huipenda kwa ufupi wake, inaeleza mfumo uliowekwa na si prosesa. Imewadanganya wengi.

Halafu kuna machotara. Mwaka 2013 na 2014 zilitoka tableti na kompyuta ndogo za bei rahisi zenye prosesa ya Atom ya biti 64, lakini programu ya ndani inayoiamsha mashine ni ya biti 32. Mashine ina uwezo, mlango wake ni mwembamba. Flashi ya kawaida ya biti 64 haionekani kabisa wakati wa kuwasha. Debian ilishughulikia jambo hilo tangu toleo lake la 8, la mwaka 2015. Mifumo mingine mingi haikujisumbua.

Je, wajua kwamba flashi ya gigabaiti 16 inaweza kukataa faili la gigabaiti 6?

Hapa wengi huamini flashi imekufa. Mtu anapeleka flashi tupu kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, au kwenye maktaba ya Université Shalom de Bunia (ambayo, kwa utani wa bahati, kifupi chake ni USB), anakuta faili la Ubuntu 24.04 lenye karibu gigabaiti 6, anabonyeza kunakili, anaambiwa faili ni kubwa mno. Nafasi ipo tele. Anabadilisha flashi, jibu ni lilelile.

Sababu ni ule ubao wa sataranji, nusu yake. Flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Faili kubwa kuliko yote linaloandikika humo ni baiti 4,294,967,295. Baiti moja zaidi, hakuna mahali pa kuiandika. Dawa ni kuipanga flashi upya kwa exFAT au NTFS, lakini toa kwanza vilivyomo, maana kupanga upya kunafuta.

Tena kunakili faili hilo la mfumo, liitwalo ISO, kwenye flashi hakuifanyi flashi iwashe kompyuta. Linapaswa kuandikwa kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher, au kwa amri ya dd. Na kabla ya kuliandika, linganisha alama ya SHA256 iliyowekwa pamoja na faili: ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64, na ikitofautiana hata moja tu, umeme au mtandao ulikata katikati na faili lako ni bovu. Dakika mbili za kulinganisha zinaokoa mchana mzima.

Mwenye mega chache asikimbilie Ubuntu kamili. Lubuntu 24.04 ina takriban gigabaiti 3. Debian ina faili dogo liitwalo netinst, chini ya gigabaiti 1, lakini lina masharti: mengine yote litayavuta kwenye mtandao wakati wa kusimika, kwa hiyo usilianze ukiwa na salio la kubahatisha.

Je, wajua kwamba zamani Linux ilikuja kwa posta, bure, hata Kongo?

Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyesafiri anga za juu Aprili 2002 kwa chombo cha Soyuz, alianzisha Ubuntu na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004. Alijua kwamba sehemu kubwa ya dunia haina intaneti ya kuvuta CD nzima. Kampuni yake ikaanza kutuma CD kwa posta kwa yeyote aliyeomba, bila malipo ya CD wala ya stempu. Huduma hiyo iliitwa ShipIt na ilidumu hadi 2011. Kwenye fomu ya maombi ya miaka ya mwanzo ilikulazimu kuchagua: CD ya kompyuta ya kawaida, ya biti 64, au ya Macintosh za zamani. Swali letu ni la tangu siku hizo.

Jibu tu ndilo limegeuka. Kwa miaka mingi tovuti ya Ubuntu yenyewe iliweka biti 32 kama chaguo la kupendekezwa, kwa sababu ilikwenda kwenye kila mashine na programu za biti 64 zilikuwa na mapengo. Maelezo ya kipindi hicho, mengi kwa Kifaransa, bado yamezagaa, na mwanafunzi wa Bunia anayetafuta msaada leo huyakuta ya kwanza. Yalikuwa ya kweli yalipoandikwa. Angalia tarehe.

Je, wajua ni nani waliofunga mlango wa biti 32, na lini?

Hakuna siku moja. Ni kama miaka kumi ya milango iliyofungwa mmoja mmoja. Google Chrome iliacha Linux ya biti 32 Machi 2016. Ubuntu iliacha kutoa diski yake kuu ya biti 32 na toleo la 17.10, Oktoba 2017. Juni 2019 Ubuntu ilitangaza kwamba itafuta hata maktaba za biti 32 zinazosaidia programu za zamani. Wachezaji wa michezo ya kompyuta na watumiaji wa Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) wakapiga kelele, na ndani ya siku chache uamuzi ukalegezwa, baadhi ya maktaba zikabaki. Linux Mint ilifunga mwaka 2020 na toleo la 20. Debian, mzee mvumilivu aliyezaliwa Agosti 1993, ilisubiri hadi toleo la 13, tarehe 9 Agosti 2025: hakuna tena kisimikio cha i386. Na Firefox 144, ya Oktoba 2025, ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Linux ya biti 32, ukiacha tawi lake la muda mrefu lililoongezewa muda.

Hili la vivinjari ndilo linaloamua, kwa maoni yangu. Zamani tulibishana kuhusu kumbukumbu: mfumo wa biti 64 hula RAM zaidi kidogo, maana kila namba ya parseli inachukua baiti 8 badala ya 4, kwa hiyo mwenye gigabaiti 2 alishauriwa abaki na 32. Hesabu hiyo bado ni sahihi. Hata Linux ilijaribu njia ya kati mwaka 2012, iliyoitwa x32, yenye nguvu za biti 64 na namba fupi za biti 32. Karibu hakuna aliyeitumia. Lakini kivinjari kisichopata marekebisho ya usalama ni hatari kuliko kompyuta nzito. Mwenye prosesa ya biti 64 na gigabaiti 2 achukue amd64 yenye mazingira mepesi, Xfce au LXQt, na asifungue kurasa ishirini kwa wakati mmoja.

Kuhofia programu za zamani si sababu tena. Mfumo wa biti 64 huendesha programu za biti 32 ukiongezewa maktaba zake. Kinyume chake hakiwezekani.

Linux yenyewe ilizaliwa kwenye biti 32. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kwamba anaandika mfumo kwa ajili ya prosesa ya 386, ile ya Intel ya mwaka 1985. Mfumo huo ulipotoka katika toleo la 3.8, Februari 2013, msaada wa 386 ulikuwa umefutwa. Aliyeruhusu kufutwa ni Torvalds mwenyewe.

Je, wajua kwamba simu yako nayo ina swali hilohilo?

Android imejengwa juu ya Linux. Simu nyingi za bei nafuu zina prosesa ya biti 64 lakini mfumo wa biti 32 ndani yake, makusudi, ili RAM ndogo itoshe. Tangu Agosti 2019 Google inadai programu mpya za duka lake ziwe na toleo la biti 64, na Pixel 7 ya Oktoba 2022 ilikuwa simu ya kwanza ya Android kukataa kabisa programu za biti 32. Kwenye simu, hata hivyo, huna la kuchagua. Kiwanda kimekwisha kukuchagulia. Na faili la arm64 ulilokutana nalo kule juu ni la prosesa za jamii ya ARM kama za simu hizo, zikiwemo za kompyuta ndogo za Raspberry Pi za karibuni. Usiliweke kwenye kompyuta ya Intel.

Je, wajua kwamba wimbo mmoja uliwahi kuvuka mwisho wa biti 32?

Kompyuta ikihifadhi namba zenye alama ya kutoa pia, biti 32 huishia 2,147,483,647. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba video ya Gangnam Style ya Psy wa Korea Kusini imepita hapo, na kihesabio kikahamishiwa biti 64. Namba hiyo ina heshima yake nje ya kompyuta: haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe, na Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, kwa kalamu.

Kuna waliolipa ghali zaidi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka kama sekunde 40 baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake ilijaribu kuisindilia namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16.

Je, wajua saa ambayo kompyuta za biti 32 zitapotea, kwa saa za Bunia?

Linux huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani iliziandika sekunde hizo kwa biti 32 zenye alama, kwa hiyo kikomo chake ni ile namba ya Euler. Sekunde ya mwisho itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kinshasa itakuwa saa kumi na dakika 14 usiku. Bunia, inayofuata saa za mashariki ya nchi, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, saa kumi na mbili na dakika 14, jua likiwa bado halijachomoza. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini ni tarehe 13 Desemba 1901.

Mifumo ya biti 64 haina wasiwasi huo. Kihesabio chake kinatosha miaka kama bilioni 292. Linux iliweka marekebisho kwa ajili ya biti 32 pia, kuanzia toleo la 5.6 la Machi 2020, na Debian 13 iliwahamishia saa ndefu wenye prosesa ndogo za ARM. Familia ya i386 iliachwa na saa yake fupi kwa makusudi: kazi iliyobaki kwake ni kuendesha programu za zamani, na programu hizo zingevunjika saa ikibadilishwa.

Na mwenye Atom N270 afanye nini?

Asiitupe. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, bado ina kisimikio cha i386, na antiX 23 iliyojengwa juu yake ni nyepesi zaidi. Tiny Core huingia kwenye mashine ambazo hata mwenyewe ulikwisha kuzisahau, na OpenBSD, ambayo si Linux lakini ni huria vilevile, bado inatoa toleo la biti 32. Mashine hiyo itaandika barua na ripoti kwa LibreOffice, itafundisha wanafunzi kuchapa, itapiga muziki. Isitumike kwa akaunti za pesa wala kwa barua pepe za kazi, kwa sababu marekebisho ya usalama ya kivinjari chake yanakwisha.

Na wewe unayekwenda kununua mashine mjini, omba iwashwe mbele yako, fungua sifa za mfumo, usome mstari wote mpaka neno la mwisho kabla ya kutoa pesa. Ukisoma "processeur x86", bei ishuke, au uiache hapo dukani.